Tai, Njiwa na Kuku

Shikamoo Bibi Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali, wilaya ya Mbarali, upande wa majaruba ya mpunga. Ni mtu wa Iringa, ajira ndiyo iliyonileta huku Usangu, na huu ni mwaka wangu wa pili. Nakusoma siku zote, ila leo nimeamua kuandika kwa sababu nimefika mahali najiuliza kama kazi hii naiweza.

Nina watoto 71 kwenye daftari la mahudhurio. Wanaofika kwa siku ni hamsini na kitu, na msimu huu wa kuamia ndege wanapungua zaidi, maana wengine wanafuatana na kaka zao shambani. Chumba ni kimoja, madawati hatuna, tunakalia majamvi. Niko peke yangu.

Shida yangu ni kwamba darasa langu halijawa darasa. Kuna watoto wa pale senta, wa wenye maduka, mashine za kukoboa na pawatila, zile trekta ndogo za kusukuma kwa mkono. Wengi wao wamepitia chekechea ya kulipia, wanajua a e i o u, penseli wanaishika vizuri. Kuna watoto wa wakulima wa hapa hapa. Halafu kuna wa wafugaji, Wasukuma wa vitongoji vya mbali, wanaotembea saa nzima kuja shule, na Kiswahili chao ni cha kubabaisha au hawana kabisa. Hawa watoto hawachezi pamoja. Mapumziko yakifika, wa senta wana mpira wao wa makaratasi na hawampi mtu. Wa vitongojini wanasimama ukutani juani, wanangoja kengele.

Kilichonisukuma kuandika ni kijana mmoja aliyeanza Januari. Kiswahili hajui. Tukisimama duara wenzake hawataki kumshika mkono, wanasema ananuka maziwa. Wanamwita Ng'ombe. Mwezi wa nne alimng'ata binti mmoja begani mpaka alama za meno zikabaki. Kesho yake mama wa binti, mwenye duka la pembejeo, alikuja amewaka, akasema mbele ya watoto wote kwamba mwanawe hakuja shule kukaa na watoto wa porini. Mwalimu mkuu, ili kumtuliza, akaniambia nimtenge yule kijana kwa muda. Basi nimemkalisha karibu na meza yangu, na hii ni wiki ya tano. Kung'ata ameacha, ni kweli. Lakini pia hasemi, halii, hachezi. Anachora mistari sakafuni kwa kidole. Na nikiri jambo moja: siku ile ya kung'ata niliwaambia watoto wamzomee kidogo ili aone aibu.

Sijakaa bure, Bibi. Kila asubuhi tunaimba wimbo wa umoja, nimeutungia hadi na ishara za mikono. Nawaambia sisi sote ni ndugu. Anayemsukuma mwenzake anasimama mbele mikono juu. Ili nifundishe kwa urahisi nimewapanga makundi matatu: Tai ni wanaojua herufi, Njiwa ni wa katikati, Kuku ni wanaoanza.

Uji upo, wazazi wanachanga mahindi na hela ya sukari. Ila kamati imeamua kwamba asiyechanga mtoto wake asinywe. Kwa hiyo saa nne nusu ya darasa wanakunywa, na nusu natoka nao nje kuwachezesha ili wasione. Hilo liko juu ya uwezo wangu.

Wiki iliyopita mtoto mmoja wa miaka 5 aliniuliza, "Mwalimu, mbona Kuku hawanywi uji?" Nikakosa la kumjibu.

Nifanyeje watoto hawa wawe kitu kimoja?

Mwalimu wa Awali, Mbarali

*

Marahaba mwanangu, na pole sana na kazi. Watoto 71, mwalimu mmoja! Kiwango kilichowekwa kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, kwa hiyo unabeba mzigo wa watu karibu watatu, kisha unajiuliza kama kazi unaiweza. Unaiweza. Asiyeiweza asingeona kwamba mtoto anachora sakafuni kwa kidole.

Sasa nikuambie ukweli. Barua yako imeshajibiwa, na aliyeijibu ni yule mtoto wa miaka 5. Wewe uliweka makundi ya kusomea, kamati ikaweka orodha ya uji, na mlidhani hayo ni mambo mawili. Yeye akayatazama akaona ni jambo moja: kuna watu wa aina fulani hapa, wanaitwa Kuku, hawajui herufi na hawanywi. Hajakosea hata kidogo. Ndivyo darasa lenu lilivyopangwa. Wimbo wa umoja mnauimba saa mbili na nusu, kisha ikifika saa nne mnaukanusha kwa vikombe. Mtoto mdogo anaamini kikombe.

Kwa hiyo naanza na uji, ambao wewe uliuandika mwishoni kana kwamba ni habari ya pembeni.

Umesema uko juu ya uwezo wako. Uamuzi wa kamati, ndiyo. Kumpelekea mwalimu mkuu hoja yenye njia ya kutokea, hapana, hilo ni lako. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, chakula cha shuleni kimebaki kuwa jambo la makubaliano ya wazazi, na makubaliano hubadilishwa na waliokubaliana. Usiende na malalamiko kwamba watoto wanaonewa, kamati itajihami. Nenda na hesabu. Mahindi yaliyopo ni kiasi gani, vikombe ni vingapi, uji ukipikwa mwepesi kidogo unawafikia wangapi. Halafu uliza: hivi mfugaji ameshaambiwa kwamba anaweza kuchanga maziwa? Mtu asiyelima mahindi mnamdai mahindi, akishindwa mnasema hajali elimu. Lita chache kwa wiki kutoka kwenye kaya mbili tatu, zikachemshwa humo humo sufuriani, ni mchango mzito kuliko debe. Asiye na mahindi wala maziwa ana kuni. Asiye na kuni ana mikono, aje siku moja kwa wiki kukoroga na kugawa, na hapo utakuwa umepata mtu mzima wa pili darasani bila kuomba ajira ya mtu.

Na usione haya kutaja lishe kwenye kikao. Nyanda za juu tunajisifu kwa chakula, lakini utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 uliikuta Iringa yenu na watoto waliodumaa asilimia 56.9, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Mkoa wa mahindi, na mtoto hakui. Kikombe cha saa nne si anasa.

Kamati ikikataa kabisa? Basi hadi wakubali, wasigawane uji ukiwa umetoka na wengine nje. Kuwachezesha ili wasione ni kujidanganya, mwanangu, harufu ya uji haina mlango. Wakae wote jamvini, kilichopo kigawiwe hata kama ni robo kikombe. Watakaokuja kukugombeza waje kwanza waangalie watoto hamsini wanavyokunywa robo kikombe.

Niruhusu nitoke kidogo nje ya mada, mimi ni mtu wa Tukuyu na uzee unanipa ruhusa. Zamani kwetu Unyakyusa wavulana wakifika miaka kumi hivi waliondoka kwa wazazi, wakajenga vibanda vyao pamoja, marika kwa marika, kikawa kijiji. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyekaa kwetu miaka ya 1930, ameyaandika haya kwa kirefu. Kilichonikaa kichwani kuliko vibanda ni chakula. Wale wavulana hawakuwa wanapika. Waliendelea kula kwa mama zao, ila hawakwenda mmoja mmoja. Leo kundi zima kwa mama huyu, kesho kundi zima kwa mama yule. Mama hakuulizwa mwanao ni yupi kati ya hawa. Tuna hata neno la kufurahia kuwa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao: ukwangala. Sisemi turudi huko. Wasichana hawakuwa na kijiji, walihamia tu kwenye kijiji cha mume, na mimi nisingekuwa mwalimu. Ila wazee wale walijua kwamba rika halijengwi kwa hotuba, linajengwa kwenye chungu.

Turudi kwako. Tai, Njiwa na Kuku uwafute kesho. Kumpanga mtoto kwa kiwango chake cha herufi kwa dakika ishirini za kipindi hakuna ubaya, kila mwalimu anafanya. Ubaya ni kumpa jina la hicho kiwango akatembea nalo siku nzima. Mtoto wa miaka mitano hajui kusoma, lakini anajua tai hukamata na kuku huchinjwa. Changanya vikundi, kila kimoja kiwe na wa senta, wa mkulima na wa mfugaji, na majina wajichagulie wenyewe. Utashangaa. Darasa langu moja lilichagua Sufuria.

Sikucheki, nami nimeyafanya. Nilipokuwa kijana Rungwe nilikuwa na Ijumaa ya usafi: wenye sare safi na kucha fupi wanafungwa utepe mkononi, wanarudi nao nyumbani. Nilijiona mbunifu. Kulikuwa na binti alikuja Jumatatu hadi Alhamisi, Ijumaa haonekani. Nilimaliza muhula mzima nikimwandika mtoro kabla sijaelewa kwamba mama yake alikuwa mgonjwa, na kwamba sabuni ya kufulia ndiyo ilikuwa utoro wake.

Sasa yule kijana.

Hapo kwenye kuzomea, mwanangu, ulikosea, sitakuficha. Ulitaka yeye aone aibu, lakini waliojifunza siku ile ni wale wengine hamsini: walijifunza kwamba huyu anaruhusiwa. Jina la Ng'ombe lilipata muhuri wa mwalimu. Halafu ukaja mkeka wa pembeni, ukawa muhuri wa pili. Usiwakusanye watoto kuwaomba radhi kwa hotuba ndefu, hawataielewa. Kuna njia fupi: kesho asubuhi mwondoe hapo mezani, umrudishe jamvini, na wewe mwenyewe ukae chini kando yake. Mwalimu akikaa chini kando ya mtu, darasa zima linaona.

Kisha umsalimie. Umesema wewe ni mtu wa Iringa. Nikuulize: siku ulipofika Mbarali, hujui mtu, mizigo iko juu ya bajaji, ungejisikiaje kama mama mmoja mlangoni angekuambia "Kamwene"? Neno moja tu, tena hata kama hajui la pili. Mtoto huyu amekaa darasani tangu Januari na hakuna aliyemwambia neno la kwao. Asubuhi kwa Kisukuma ni "Mwangaluka", naye atakujibu hivyo hivyo. Asante ni "Wabeja". Najua lugha ya kufundishia ni Kiswahili na sikuambii uibadilishe. Nakuambia salamu. Na usimsalimie yeye peke yake, hapo utakuwa umempa jina jingine. Salamu za asubuhi ziwe za zamu: Jumatatu darasa zima linasalimiana Kisukuma, Jumanne Kinyakyusa, "Ugonile", Jumatano kwa Kihehe chako, Alhamisi Kisangu au Kibena, ukifundishwa na wazazi walioko hapo. Watoto wa senta ambao wanajidai Kiswahili watagundua kwamba nao kuna siku hawajui, na siku hiyo wa kuwasaidia ndio wale wa ukutani.

Hata hilo jina la Ng'ombe unaweza kulivunja bila kumkemea mtu. Waulize nyumbani kwao ng'ombe anaitwaje. Kisukuma ng'ombe ni ng'ombe, Kinyakyusa ni ing'ombe. Mbuzi Kisukuma ni mbuli, Kinyakyusa imbene. Wakishaanza kubishana majina ya wanyama, neno linarudi kuwa la mnyama. Jina halisi la kijana lisemwe mara nyingi, na wewe, tena vizuri. Waalimu wengi tunayakata majina ya Kisukuma tukiyaona marefu, kisha tunashangaa watoto wakimpa mwenzao jina fupi la kwao.

Kung'ata ulikuona kama ukorofi. Mtoto asiye na maneno ana nini kingine? Akisukumwa hawezi kusema "ananisukuma", akinyang'anywa hawezi kusema "ni changu", akiitwa Ng'ombe hawezi hata kukuambia. Anayo mikono na meno. Mfundishe maneno manne kabla ya herufi yoyote: "acha", "naomba", "changu", "mwalimu". Rudia naye wakati hakuna ugomvi. Na ikitokea ameumiza tena, maana inaweza kutokea, usimlazimishe kusema samahani ambayo haijui. Mpe kikombe cha maji na kitambaa, akuletee umsafishe aliyeumia. Atarekebisha kwa mikono ile ile. Mtoto aliyemletea mwenzake maji anaelewa kitu ambacho aliyesimama mbele mikono juu hakielewi. Hiyo mikono juu nayo iache, inachosha mabega tu.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye kile ulichoniuliza, jinsi ya kuwafanya kitu kimoja. Mimi nina imani moja tu katika hili, na nimeishi nayo darasani: wape kazi ambazo mtu mmoja hawezi. Ukimwambia mtoto apende wenzake anakutazama. Mwambie akunje jamvi kubwa peke yake uone. Atashika pembe moja, jamvi litapinda, atakasirika, ataangalia huku na huku, na macho yake yatatafuta mtu. Hapo ndipo umoja ulipo, kwenye yale macho. Usiingilie. Usiende kumshikia pembe ya pili.

Kwa hiyo majamvi yatandikwe na kukunjwa na wanne wanne, na wale wanne watoke vikundi tofauti. Ndoo ndogo ya maji ipite kwenye fimbo, huyu mbele na yule nyuma, akienda mmoja haraka maji yanamwagika kwa wote wawili. Na kunawa: najua mtakuwa na kibuyu chirizi, kile kidumu cha kuning'iniza cha kunawia, ni kitu kizuri na chooni kibaki. Lakini kabla ya uji, kwa sasa, tumia jagi na beseni. Mmoja anamwagia, mwingine ananawa, kisha wanabadilishana. Kwetu mgeni akija ndivyo anavyopokewa, hata mtoto wa miaka minne ameona nyumbani kwamba anayenawishwa ni mtu wa heshima. Kijana anayenuka maziwa akimnawisha wa senta, na wa senta akamnawisha yeye, shughuli ya kushika mkono itakuwa imepita bila mtu kuitangaza. Ila usianze kwa kumpanga na binti aliyeng'atwa. Ana haki ya kuogopa. Mpange na mtoto mpole asiye na makuu, kila darasa linaye mmoja, hata sasa ninapoandika umeshamjua ni nani.

Udongo mnao, na bure: majaruba yamejaa mfinyanzi. Finyangeni ng'ombe na boma lake. Hapa nikuonye. Utatamani kumsimamisha kijana mbele kuwa fundi wa ng'ombe, wote wamtazame. Usifanye hivyo, utakuwa umelifunga tena lile jina mgongoni mwake, safari hii kwa makofi. Wakae wanne wanne kwenye udongo mmoja, boma moja kwa kikundi, na yeye humo humo. Usihofu kama wiki ya kwanza kila mtu anafinyanga chake kimya kimya. Mmarekani mmoja, Mildred Parten, alichapisha mwaka 1932 yale aliyoyaona kwa kuwatazama watoto wa umri huu wakicheza: huanza peke yao, wakafuata kucheza ubavu kwa ubavu bila kuchanganyika, na kushirikiana hasa huja baadaye. Ubavu kwa ubavu si kushindwa. Ni mlango. Kijana wako wiki tano zote amenyimwa hata huo ubavu. Ng'ombe wa mmoja akishaingia boma la mwingine, utasikia mabishano, na mabishano ya ng'ombe kula mpunga Usangu hakuna asiyeyajua, watayaigiza kama walivyowasikia baba zao. Waache. Sikiliza tu nani anaamua kesi.

Mpira wa makaratasi wa watoto wa senta usiunyang'anye. Mwambie kila kikundi kitengeneze wake, siku moja, wote kwa pamoja, kamba na nailoni utafute. Kukiwa na mipira kumi hakuna mwenye mpira.

Kuhusu watoro wa ndege, jambo ambalo umelipita kwa mstari mmoja. Mtoto anayekosa wiki mbili akiamia ndege akirudi anakuta nafasi yake jamvini imekaliwa, naye anaenda ukutani. Tafuta vizibo vya soda 71, kila kizibo alama yake: jembe, kijiko, samaki, nyota, chochote mtoto atakachokumbuka ni chake. Asubuhi kila anayefika anachukua chake kwenye ungo na kukitia kwenye kopo. Vinavyobaki kwenye ungo ndio wasiokuja. Mnavitazama wote pamoja: nani hayupo leo? Yuko wapi? Mwenza wake wa kunawa anakichukua kile kizibo na kumtunzia. Siku akirudi, wa kwanza kumfuata si mwalimu na daftari lake, ni mwenzake na kizibo mkononi. Na akisimulia aliwafukuza ndege wangapi, hiyo ni hesabu, tena ya kweli.

Ukiulizwa na mkaguzi au na mwalimu mkuu kwa nini mnakunja majamvi badala ya kuandika, jibu unalo. Mtaala wa awali wa 2016 ulitaja kuhusiana kuwa umahiri unaojitegemea, kando ya kuwasiliana na hisabati. Siku nyingi tumeusoma kana kwamba ni mapambo.

Mwalimu mkuu mfuate na mpango huu ukiwa umeuandika, ukurasa mmoja, umwambie unataka wiki tatu. Alisema "kwa muda", na muda umeisha. Mama mwenye duka mfuate wewe dukani kwake, wakati hana wateja, umpe pole ya bega la mwanawe kabla ya neno lolote, maana mtoto wake aliumizwa kweli na hakuna mzazi asiyewaka. Mweleze utakavyomlinda binti: atakaa wapi, nani atakuwa karibu. Habari za nyumbani kwa yule kijana usimpe, hata akikuuliza. Neno lake la watoto wa porini usilijibu siku hiyo. Na kwa wazazi wa kijana nenda pia, hata kama ni mwendo wa saa nzima. Mtoto wao anautembea kila siku. Ukifika, kaa, kunywa utakachopewa.

Wimbo wa umoja muimbe mkitaka. Mimi ningeuhamishia saa nne, wakati foleni ya kunawa inasubiri.

Kitu kimoja kuhusu vizibo: mkaa hufutika na penseli haishiki kwenye bati. Tumia rangi ya kucha. Chupa moja ya dukani inatosha vyote 71, na wakati wa kupaka waite Kuku wako wakusaidie, kwa majina yao.

Bibi Mwalimu